Nyumba ya Kocha wa Nne

Saa tisa alasiri, kama ilivyokuwa ada yao, wataalamu wa mpira wa kijiji cha Kemanyoro walifika nyumbani kwa kocha ili kumsema kocha. Hawakumsema kwa siri. Nyumba ya kocha ndiyo ilikuwa nyumba pekee ya bati karibu na uwanja, ilikuwa na kibaraza kipana chenye kivuli, na watu wenye mawazo mazito hawawezi kuwaza juani. Wakakaa kwenye benchi la kocha, wakaegemea ukuta wa kocha, wakaomba maji ya kunywa kwa mke wa kocha. Walipokwisha kunywa, wakaanza kazi.

"Huyu hafai," alisema Wangwe, kamanda wa mgambo, akijifuta mdomo. "Nasema bila chuki. Hafai."

"Taratibu, mura. Mkewe yumo ndani," alisema Matiko, muuzaji wa duka la ushirika, akimwita kwa Kikurya kama wanaume wa rika lao walivyoitana.

"Ndiyo maana nimesema bila chuki."

Mwanne kweli alikuwa ndani, hatua tatu kutoka mlangoni, anachambua dagaa kwenye ungo huku mimba ya miezi saba ikimkataza kuinama. Binti yake Shani, wa miaka mitatu, alikuwa amelala mkekani. Nyuma yao, kwenye kona yenye giza, ilikaa cherehani ya mumewe. Mahali pa cherehani palikuwa kibarazani, penye mwanga, lakini tangu kamati hii ianze vikao vyake fundi alihamia gizani, akawa anashona pindo kwa kupapasa. Hakuna aliyemfukuza. Alikuta tu benchi limejaa.

"Mimi nalinganisha tu," Wangwe aliendelea. "Enzi za Koplo, vijana walikuwa wanapanda mlima kila alfajiri na gunia la mahindi mgongoni. Ule ulikuwa ukocha."

"Na siku ya mechi wakawa wanatambaa," alisema Matiko. " Majirani wa Gorong'a walitutia sita. Sita, mura! Hata refa alituonea huruma, akapuliza kabla ya wakati."

"Tulifungwa kiume."

"Sita za kiume. Haya. Mimi nasema Mwalimu wa Bukoba. Yule alikuwa anachora mpira chini kwa kijiti. Mishale huku, mishale kule. Unaliona bao linavyokuja."

"Lilikuja?"

"Kwenye mchoro lilikuja."

Stanslaus, katekista wa kigango, akakohoa. Yeye alizungumza kwa upole wa mtu ambaye tayari ameonyeshwa orodha ya watakaoingia mbinguni. "Mnamsahau Fundi wa Shirati. Mimi kama mkristo sikubaliani na zile dawa alizozika golini. Lakini tuseme kweli, wakati wake tulifungwa moja tu."

"Na tukapoteza mbuzi wanne," alisema Matiko.

"Moja tu, lakini."

Mwanne alikuwa ameusikia mjadala huu mara nyingi kiasi kwamba angeweza kuuongoza. Nusu ya pili ya habari alikuwa amehadithiwa na majirani. Koplo alipofukuzwa, aliyebeba sanduku lake mpaka barabarani alikuwa Wangwe huyu huyu, akipiga kelele kwamba mtu yule alizoea kufundisha punda. Mwalimu wa Bukoba aliondoka kwa sababu Matiko alikataa kumuuzia chumvi wiki nzima. Fundi wa Shirati aliombewa aondoke Jumapili tatu mfululizo, na aliyeongoza sala alikuwa Stanslaus. Kemanyoro, kocha alikuwa mjinga siku zote alizokuwapo, na akageuka bingwa siku aliyopanda lori.

Wa nne sasa alikuwa mumewe, Abdurahmani. Aliwahi kucheza winga ya kushoto Musoma, kwenye timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, kisha akarudi Tarime mjini kushona. Miezi minane iliyopita wajumbe wa Kemanyoro walimfuata wakamwahidi vitu vitatu: nyumba ya bati, nusu eka ya shamba, na heshima. Mshahara haukutajwa, kwa kuwa kijiji kilikuwa cha ujamaa na mshahara ni jambo la watu binafsi. Yeye na Mwanne wakarudisha chumba chao cha mjini, wakapakia cherehani kwenye lori. Nyumba waliipata. Shamba walilipata, Mwanne akalipanda maharage. Heshima ilikuwa bado njiani.

Kabla kikao hakijafungwa, akafika mwenyekiti wa kijiji, Mzee Nyangwine, amevaa koti lake la mikutano. Hakukaa. Alisimama mlangoni akabisha hodi mara moja.

"Mama Shani, hujambo."

"Sijambo. Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Baba Shani yuko uwanjani?"

"Yuko na vijana."

"Basi ujumbe nikupe wewe. Jumamosi tunacheza na Gorong'a. Halmashauri ya kijiji imekaa. Imesema tukifungwa tena na Gorong'a, Jumatatu nyumba iwe wazi. Kuna kocha wa Sirari, amefundisha timu huko upande wa Kenya. Anakuja na godoro lake."

Mwanne aliweka ungo chini. "Jumatatu hii?"

"Hii hii. Si mimi, ni halmashauri."

"Halmashauri ndiyo akina nani, mwenyekiti?"

Mwenyekiti aliwatazama watatu wale wa kibarazani. Watatu wale wakautazama uwanja kwa makini makubwa, ingawa hapakuwa na kitu ila ng'ombe wawili.

"Maharage yangu bado wiki tatu," Mwanne alisema. "Na masika haya, na hali yangu unaiona. Tutalala wapi?"

"Maharage yasikutie wasiwasi," alisema mwenyekiti kwa sauti ya huruma. "Kijiji kitayavuna. Ni mali ya umma."

Alisema hivyo kumfariji, akaondoka akiamini amemfariji. Wangwe akagongagonga kikombe kwenye benchi.

"Mama Shani, mwanangu, maji mengine yapo?"

* * *

Abdurahmani alirudi jioni na mpira kwapani, magoti yamejaa matope. Alikuwa mtu mpole, wa aina ambayo hata kuku humpita kwenye foleni. Jezi za timu alizishona yeye, kwa kitambaa chake, na aliyezilalamikia zaidi kwamba zinabana alikuwa Matiko, ambaye hakuwa mchezaji.

Mwanne alimpa ujumbe kama alivyopewa, bila kuongeza wala kupunguza.

"Nimewasikia tangu uwanjani," alisema mumewe. "Sauti ya Wangwe haihitaji mjumbe."

"Utawafunga?"

"Ningewafunga nikiwa na Mniko." Alikaa chini taratibu. "Yule kijana simwelewi, mama. Mazoezini hashikiki. Jana amefunga mabao manne, amewapita mabeki kama anapita migomba. Lakini ikija Gorong'a, mguu unakufa. Mara ya mwisho alipewa mpira peke yake, bao liko wazi. Beki wao mmoja akamsogelea, akamsogelea tu, hata hajamgusa. Mniko akauacha mpira akaenda pembeni, macho chini, kama mtoto aliyeiba sukari."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Samahani, kocha.' Nikamuuliza tena. Akasema, 'Samahani sana, kocha.'"

"Na wale wa kibarazani wanasemaje?"

"Wangwe anasema nimemlegeza kwa sababu hapandi mlima. Matiko anasema sijamchorea. Stanslaus anasema ana pepo."

* * *

Ijumaa asubuhi mvua ilipokatika, Mokami, mke wa Mniko, alikuja kukinga maji yaliyotoka kwenye bati. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye kicheko cha karibu. Alikuwa na miezi sita tangu aolewe rasmi, ingawa ng'ombe walianza kupelekwa kwao Gorong'a miaka mitatu kabla, mmoja mmoja na wawili wawili. Mwanne alimshikia ndoo.

"Mokami, mumeo anaogopa nini Gorong'a?"

"Haogopi kitu."

"Mbona akifika mbele ya beki anakimbia?"

Mokami alijifunika mdomo kwa upande wa khanga, mabega yakitikisika. "Kwani dada hujui? Yule mrefu, Simioni? Yule ni baba yangu mdogo. Wamezaliwa tumbo moja na baba."

"Ndiyo. Sasa?"

"Sasa ni mkwe wake!" Alimtazama Mwanne kama mtu anayemweleza mtu mzima kwamba moto unaunguza. "Mniko akikutana naye njiani anaingia porini mpaka apite. Hawezi kumgusa. Hata jina lake hatamki. Halafu nyie mnataka ampige kikumbo, mbele za watu?"

Ndoo ilijaa, ikamwagika, hakuna aliyeijali.

"Na enzi za Koplo ilikuwa hivi hivi?"

"Ng'ombe wa kwanza walishakwenda. Ilikuwa hivi hivi."

"Na Mwalimu? Na yule Fundi wa mbuzi?"

"Wote."

"Na Gorong'a wanajua?"

"Baba mdogo anajua sana. Ndiyo maana anamfuata Mniko uwanja mzima, kulia, kushoto. Nyumbani wanacheka mpaka wanaanguka."

"Wangwe anajua? Mwenyekiti anajua?"

"Dada, mpaka mbuzi wanajua."

Mwanne alihisi mtoto akimpiga teke ubavuni, naye akaona mtoto ana haki. "Makocha watatu wametupwa barabarani na masanduku yao. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa?"

Mokami alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Hawakuuliza," alisema. "Halafu hayo ni mambo ya nyumbani. Mpira ni mpira."

* * *

Abdurahmani alipoambiwa, aliuweka mpira chini. Kisha akatoka kwenda kibarazani, ambako kamati ilikuwa kazini, akawauliza waziwazi kama ni kweli.

"Mkwe ni mkwe," alisema Wangwe bila aibu hata kidogo.

"Na mlikuwa mnajua?"

"Kocha hodari angeng'amua mwenyewe."

"Koplo aling'amua?"

"Koplo," alisema Wangwe kwa uzito, "alikuwa na mambo mengine."

Kumwacha Mniko nje haikuwezekana. Kocha aliyepita aliwahi kumwacha nje dakika kumi tu, akarushiwa magunzi. Kumpeleka winga hakukufaa, kwa kuwa mkwe angemfuata winga. Mwanne na mumewe waliigeuza habari ile usiku kucha kama watu wanaopitisha kitanda kwenye mlango mwembamba, na karibu na alfajiri ikapita. Mniko angekaa golini. Alikuwa mrefu, alikuwa na mikono ya mtu aliyedaka ndama tangu utotoni, na beki wa kati wa Gorong'a kazi yake ilikuwa huko kwao, nyuma kabisa. Kati ya mkwe na mkwe kungekuwa na uwanja mzima.

"Watakutukana," alisema Mwanne.

"Wananitukana sasa hivi," alisema Abdurahmani. "Angalau watakuwa na jipya."

* * *

Jumamosi watu walifurika. Wanaume walisimama upande wa barabara, wanawake upande wa mahindi. Mwanne alisimama na Mokami, Shani akiwa mgongoni kwa Mokami. Mniko alipoonekana akienda golini, upande wa wanaume ulitoa sauti kama ya ng'ombe aliyekanyagwa.

"Sentafowadi golini!" alipiga kelele Wangwe. "Jamani, mnaona? Keshokutwa atamweka refa beki!"

Lakini mpira ulipoanza, Simioni wa Gorong'a akapotea. Alizoea kumfuata Mniko. Sasa hakuwa na wa kumfuata. Akabaki amesimama katikati ya kwao, mikono kiunoni, akicheza vizuri tu kama beki yeyote, wala si zaidi. Na Mniko golini alikuwa moto. Alidaka la juu, akadaka la chini, akamvua mtu mpira mguuni. Mapumziko yakafika bila bao. Haikuwahi kutokea tangu kijiji kianzishwe.

Zikabaki dakika kumi, bado bila bao. Sare ilikuwa si kufungwa, na Mwanne alianza kuyaona maharage yake yakikauka yakiwa shambani, yakivunwa na mikono yake mwenyewe. Upande wa pili alimsikia Wangwe.

"Nilimwambia mimi! Nilimwambia, mweke Mniko golini!"

"Ulisema lini?" aliuliza Matiko.

"Kwa macho. Nilimwambia kwa macho."

Ndipo Gorong'a wakapata kona.

Watu warefu hupanda mbele wakati wa kona. Hilo linajulikana dunia nzima, isipokuwa Kemanyoro, ambako hakuna aliyekuwa amelifikiria. Simioni aliacha nafasi yake. Hakukimbia. Alivuka mstari wa katikati, akaja polepole, mikono nyuma, kama mzee anayekagua shamba lake. Akaingia eneo la hatari. Akaja akasimama hatua mbili mbele ya goli.

Mniko alimwona. Aliinamisha macho. Abdurahmani alipiga kelele kutoka pembeni, "Mniko, baki! Baki hapo hapo!" Mniko akatikisa kichwa kwa huzuni, akasogea kushoto, akapita nje ya mlingoti, akasimama kwenye majani na kugeuza mgongo, kama apasavyo mkwe kwenye njia nyembamba. Goli likabaki na kamba tu.

Kona ikapigwa. Simioni hakuruka. Aliupokea mpira kifuani, akatembea nao, akaingia nao golini.

Upande wa wanaume walishika vichwa. Upande wa wanawake, wazee wakaguna kwa kuridhika.

"Yule kijana amelelewa," alisema Bibi Ghati, mwanamke mwembamba mwenye fimbo, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya Mwanne. "Kuna watu wazima wana vyeo hapa hawana adabu ile."

Sauti yake ilikuwa kali, ikafika mbali. Na Mwanne, ambaye macho yake yalikuwa yanatafuta mahali pa kukimbilia, aliona kitu. Mwenyekiti Nyangwine alikuwa anakuja upande ule kuzungumza na refa. Aliposikia sauti ile alisimama ghafla, akavuta kofia usoni, akageuka kuzunguka uwanja mzima kwa njia ndefu, koti la mikutano likipepea nyuma.

"Anakimbia nini?" Mwanne alimnong'oneza Mokami.

"Si mkwewe? Mkewe ni binti wa Bibi Ghati."

Filimbi ya mwisho ikalia. Moja bila. Tayari upande wa barabara kamati ilikuwa imefungua kikao.

"Golikipa anakimbia goli! Huu ni ukocha wa wapi?"

"Koplo asingekubali."

"Mwalimu angechora."

"Mimi nasema tu," alisema Stanslaus, "zile dawa zilikuwa zinamzuia mtu kutoka golini."

* * *

Jumapili Abdurahmani alianza kufungua skrubu za cherehani. Alizipanga kwenye kifuniko cha kopo kwa ukubwa, kwa utulivu ule ule uliokuwa ukimuudhi mkewe.

"Utaniuliza tunakwenda wapi," alisema.

"Sikuulizi," alisema Mwanne. "Acha hizo skrubu. Natoka."

Bibi Ghati alikaa mstari wa pili wa nyumba. Mistari ile ilikuwa kazi ya Operesheni: miaka miwili iliyopita watu walitolewa kwenye maboma yao yaliyotawanyika, wakapangwa sawasawa kwa kamba, na aliyeshika ncha ya kamba alikuwa Nyangwine mwenyewe. Alipomaliza kunyoosha ujamaa, aligundua kwamba mlango wa mkwewe umetazama njia ya ofisi yake.

Mwanne alimwamkia, akakaa chini kwa shida, akasema shida yake yote. Hakuificha haja yake.

"Kwa hiyo unataka nije nigombane naye?" aliuliza bibi.

"Hapana, bibi. Nataka uje ukae kibarazani. Ukae tu. Uji nitaleta mimi."

Bibi Ghati alimtazama kwa muda. "Wewe ni wa mjini. Nani amekufundisha?"

"Mniko. Jana golini."

Yule mzee akacheka bila meno, akacheka mpaka akashika fimbo. Kisha uso ukamkunjamana. "Unajua mimi hukaaje hapa? Miaka miwili. Asubuhi nikisikia kikohozi chake narudi ndani, nafunga mlango, nakaa gizani kama panya mpaka mwenyekiti apite. Jioni tena. Ndiye alinipanga hapa kwa kamba yake. Mimi nijifiche, yeye apite. Sasa acha apite yeye porini."

"Atamtuma Wangwe."

"Wangwe!" Bibi alitema mate pembeni. "Nyangwine, Wangwe, yule wa duka lisilo na sukari, na yule wa kanisani, wote walitahiriwa msimu mmoja. Rika moja. Mkwe wa mmoja ni mkwe wa wote. Uji usiwe mwepesi."

* * *

Jumatatu saa tatu asubuhi halmashauri iliteremka njiani kwa utaratibu. Mbele mwenyekiti, koti limefungwa vifungo vyote. Nyuma yake Wangwe na filimbi shingoni, kisha Matiko, kisha Stanslaus aliyekuja, alisema, kuhakikisha mambo yanafanyika kwa upendo. Wa mwisho alikuwa kocha wa tano, mtu mnene wa Sirari mwenye kaptula nyeupe, godoro kichwani.

Walipofika kwenye kona ya uwanja, mwenyekiti aliinua macho. Kibarazani, katikati ya benchi, Bibi Ghati alikuwa amekaa na bakuli la uji, miguu imenyooshwa.

Mwenyekiti alivuta kofia usoni. Aliingia kwenye mahindi. Wangwe akamfuata, Matiko akamfuata Wangwe, na Stanslaus, ambaye mara mia alikwisha kutangaza kwamba mila hizo aliziacha kwenye maji ya ubatizo, aliwatangulia wote.

"Sasa hii ni nini?" aliuliza kocha wa tano, amebaki peke yake njiani. "Mbona mnaingia kwa shamba?"

"Nenda tu," sauti ya mwenyekiti ilitoka kwenye mahindi. "Nyumba ni ile."

"Si kuna watu ndani bado? Mtakuja kuwatoa ama?"

"Wangwe, nenda."

"Mimi? Nenda wewe, una cheo. Stanslaus, wewe si mkristo?"

"Amri ya nne," alisema Stanslaus kutoka mbali kidogo. "Waheshimu wazazi."

"Lakini kwani yule mama mzee ni nani?" aliuliza mtu wa Sirari. "Si mniambie!"

Mahindini mtu akakohoa.

"Ni mambo ya nyumbani," alisema mwenyekiti. "Hayahusu mpira."

Mtu wa Sirari alikuja mwenyewe mpaka kibarazani, akatua godoro, akamwamkia bibi, akamsalimu Mwanne. Jasho lilimtoka. Mwanne alimletea maji kwenye kikombe, akangoja amalize, kisha akamweleza. Alimweleza kuhusu Koplo na magunia, Mwalimu na kijiti, Fundi na mbuzi. Alimweleza kuhusu Simioni, na Mniko, na kona. Hakupaza sauti. Alimweleza kama mtu anavyomwonyesha mgeni mahali ambapo mbwa amefungwa.

Kocha wa tano alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo beki ako na miaka mingapi?"

"Thelathini. Mzima kabisa. Hajawahi kuugua."

"Na huyo kijana, ng'ombe alimaliza?"

"Wote. Ni mkwe kamili."

"Na hakuna mtu angeniambia?"

"Umewauliza sasa hivi," alisema Mwanne. "Wamekujibu nini?"

Mtu wa Sirari aliyatazama mahindi. Mahali pamoja kofia ilikuwa inaonekana, na mahali pengine filimbi iling'aa. Akainama, akajitwika godoro.

"Lori ya Sirari inapita saa ngapi?"

"Saa nne. Ukiharakisha utaiwahi."

"Asante sana, mama. Wewe ni mtu."

Alikwenda na njia yake, kaptula nyeupe, bila kugeuka. Haikupita robo saa, kamati ikatokea upande wa pili wa mahindi, ikakaa chini kwenye jua kando ya barabara, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa.

"Yule alikuwa kocha," Wangwe alisikika akisema. "Mmeona mwendo?"

"Angetufikisha mkoani," alisema Matiko.

"Angetufikisha. Tumempoteza kwa uzembe."

Ndani, Abdurahmani alikuwa anarudisha skrubu mahali pake, kubwa kwanza. Alipomaliza aliibeba cherehani kifuani, akaitoa nje, akaitua kibarazani kwenye mwanga, kando ya Bibi Ghati, ambaye alisogeza miguu yake kidogo kumpisha.

"Mama Shani!" sauti ya mwenyekiti ilikuja kutoka kwenye mahindi, ya chini, ya mtu anayeomba. "Halmashauri imekaa. Tumeona Baba Shani aendelee. Kwa muda."

"Kwa muda gani?"

"Tutaona. Sasa mwambie huyo mzee arudi nyumbani, jua linakuwa kali."

"Yuko hapa, mwenyekiti. Njoo umwambie mwenyewe."

Mahindi yalitikisika kidogo, kisha kidogo zaidi upande wa ofisi, kisha yakaacha. Abdurahmani alipitisha uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu, bila kupapasa.

Bibi Ghati alilamba kijiko, akalikagua bakuli kama limebakiwa na kitu, akamkabidhi Mwanne.

"Kesho nije saa ngapi?" aliuliza.